Jinsi Sanamu Inavyotoka Kalibuni

Kalibu ni uwazi uliopewa umbo. Ndani yake humiminwa kitu kilicho majimaji, iwe nta, plasta, zege, rezini au madini yaliyoyeyushwa, na kitu hicho kikishaganda hutoka na kila mkunjo na mkwaruzo wa uwazi ule. Kilichokuwa kilima kwenye kielelezo huwa bonde ndani ya kalibu, kisha hurudi kuwa kilima kwenye nakala. Hapo ndipo kazi hii inapoachana na uchongaji. Mchongaji wa mpingo huliona umbo lenyewe likitokeza kadiri anavyopunguza gogo, lakini fundi wa kusubu hutumia muda wake mwingi akishughulikia kinyume cha umbo, na sanamu yenyewe haioni mpaka siku ya mwisho.

Jambo hili hutokea hata bila fundi. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, viumbe waliotembea kwa miguu miwili walipita juu ya jivu la volkeno lililolowa mvua, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Jivu likakauka likawa gumu, jivu jingine likalifunika, na nyayo zikahifadhika. Timu ya mtafiti Mary Leakey ilipozifukua mwaka 1978 na 1979 ilizitengenezea kalibu na nakala, kisha nyayo zikafukiwa tena ili zisiharibike. Mgeni anayefika kwenye makumbusho ya Olduvai leo huangalia nakala. Nyayo zenyewe zimelala chini ya udongo. Huko Pompeii, Italia, Mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, watu walifunikwa na jivu, miili ikaoza, na mahali pa kila mwili pakabaki tundu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, aliyesimamia uchimbuaji wa mji huo, alianza kumimina plasta ndani ya matundu hayo. Plasta ilipoganda na jivu likaondolewa, ilionekana hata mikunjo ya nguo za watu waliokufa karibu miaka 1,800 kabla yake.

Katika karakana, kumimina ndiyo sehemu rahisi. Ugumu uko katika maswali mawili yanayotakiwa kujibiwa kabla ya kuloweka chochote: nakala itatokaje, na hewa itatokea wapi? Bakuli lenye mdomo mpana na kitako chembamba hutoka kwa kugeuzwa tu. Kichwa cha mtu hakitoki hivyo. Nyuma ya masikio, chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua, kalibu ngumu hung'ang'ania, na anayevuta kwa nguvu hubaki na pua mkononi. Mafundi wamepata njia tatu za kuepuka balaa hilo: kuivunja kalibu, kuigawa vipande, au kuitengeneza kwa kitu kinachonyumbulika.

Njia zote tatu hupitia kwenye plasta kwa namna moja au nyingine, kwa hiyo ni vizuri kuielewa. Plasta hutokana na jasi, jiwe laini lenye maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake. Jasi ikisagwa na kuchomwa kwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, hupoteza robo tatu ya maji hayo na kuwa unga mweupe. Unga ukikutana tena na maji huyanywa, chembe husukana upya, na jiwe hurudi kuwa jiwe. Wakati wa kuganda plasta hutoa joto na kutanuka kidogo sana, na kutanuka huko huisukuma iingie kwenye kila mstari wa kielelezo. Jina la plasta ya Paris lilitokana na machimbo ya jasi yaliyokuwa Montmartre, jijini Paris. Afrika Mashariki unga wa jamii hiyo unajulikana zaidi kwa mafundi wa dari za jipsamu.

Kuchanganya plasta kuna adabu zake. Unga hutiwa kwenye maji, kamwe maji hayamwagwi juu ya unga, maana mabonge yatakayotokea hayavunjiki tena. Kwa kalibu ya kawaida, gramu 100 za unga huchukua gramu 70 hivi za maji. Maji yakizidi kalibu huwa dhaifu, yakipungua huwa ngumu lakini hainyonyi. Unga hunyunyizwa kwa mkono au kwa chekecheo mpaka vitokee visiwa vidogo juu ya maji, kisha huachwa dakika moja au mbili uloe wenyewe bila kuguswa. Baada ya hapo mkono huzamishwa na kukoroga polepole chini kabisa ya ndoo, vidole vikisaga vibonge, bila kupandisha hewa. Plasta ikianza kuwa nzito kama maziwa ya mgando, na mstari wa kidole ukabaki juu yake, muda wa kumimina umefika. Maji ya uvuguvugu, chumvi na kukoroga sana huharakisha kuganda. Siki kidogo huchelewesha. Ndoo iliyotumika isiyooshwa vizuri nayo huharakisha, kwa kuwa chembe kuukuu za plasta huanzisha ugandaji mapema.

Joto la plasta si la kupuuzwa. Bonge kubwa huweza kufikia nyuzi 60, na ngozi iliyofungwa ndani yake haina pa kupoea. Mwaka 2007 mwanafunzi mmoja wa sekondari nchini Uingereza alizamisha mikono kwenye ndoo ya plasta kwa ajili ya kazi ya sanaa, ikagandia, akaungua vibaya hata akapoteza vidole. Mkono wa mtu huchukuliwa umbo lake kwa aljineti, unga unaotengenezwa kwa mwani wa kahawia, ambao madaktari wa meno huutumia kupata umbo la meno. Ukichanganywa na maji huganda kwa dakika chache ukawa laini kama jeli, haudhuru ngozi, na mkono hutoka kwa kuchezesha vidole. Kasoro yake ni kukauka na kusinyaa upesi, hivyo plasta humiminwa humo siku hiyohiyo. (Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyingine, mwani mwekundu, nao hutoa karajinani ya kuongeza uzito wa vyakula na dawa za meno.)

Kalibu ya kuvunjwa ndiyo njia ya zamani ya kuokoa sanamu ya udongo mbichi ambayo haitachomwa. Tuseme ni kichwa cha mtu. Vipande vyembamba vya bati huchomekwa kwenye udongo, mstari mmoja unaopita juu ya utosi na kushuka nyuma ya masikio, vikaigawa sanamu mbele na nyuma. Tabaka la kwanza la plasta, lenye unene wa nusu sentimeta hivi, hutiwa rangi. Mafundi wa zamani walitumia bluu ya kufulia. Tabaka la pili, nene zaidi, huachwa jeupe na kuimarishwa kwa vipande vya gunia au nyuzi za mkonge zilizochovywa kwenye plasta. Ikishaganda, nusu mbili hutenganishwa, udongo hukwanguliwa, kalibu huoshwa na kupakwa sabuni mara kadhaa, kisha nusu hufungwa pamoja na plasta mpya humiminwa ndani. Sasa huanza kazi ya patasi butu na nyundo ndogo. Fundi hubomoa plasta nyeupe bila wasiwasi mpaka aione ile ya bluu. Rangi hiyo humwambia kwamba sanamu iko nusu sentimeta tu mbele yake, na mkono hupunguza nguvu. Bluu ikishabanduka, uso hutokeza. Nakala huwa moja tu, kalibu imekuwa kifusi na udongo wa awali haupo tena.

Anayetaka nakala nyingi hugawa kalibu. Kwa kitu kidogo, kama ndege wa udongo au kishikio cha kasha, vipande viwili vinatosha. Kielelezo hulazwa kwenye udongo laini mpaka nusu yake izame, mstari wa kugawia ukifuata mahali pana kuliko pote. Kwenye udongo unaokizunguka hubonyezwa vishimo vitatu au vinne kwa ncha ya mpini wa kijiko. Vishimo hivyo ndivyo vitakavyozifanya nusu mbili zikae mahali pake bila kuteleza. Huzungushiwa ukuta wa mbao, plasta ya kwanza humiminwa, na ikiganda kitu chote hugeuzwa, udongo huondolewa, uso wa plasta hupakwa sabuni ya maji au mafuta ya mgando, kisha nusu ya pili humiminwa. Kusahau kupaka ndilo kosa linaloua kalibu nyingi za wanaoanza, kwa sababu plasta hushika plasta kama ukuta mmoja. Sanamu yenye mikono iliyoachana na mwili huweza kuhitaji vipande kumi na zaidi, kila kimoja kikitoka kwa mwelekeo wake, vyote vikishikwa na ganda kubwa la nje.

Kalibu ya plasta iliyokauka vizuri ina sifa nyingine iliyojenga viwanda vya vyombo vya kauri: hunywa maji. Udongo uliolainishwa kwa maji na kiasi kidogo cha silikati ya sodiamu, mpaka ukawa kama uji mwepesi, hujazwa kalibuni. Ukuta wa plasta hunyonya maji ya udongo ulio karibu nao na kuacha ganda linaloongezeka unene kadiri dakika zinavyopita. Likifikia unene unaotakiwa, uji uliobaki humwagwa. Baada ya muda ganda husinyaa, hujitenga lenyewe na ukuta, na kikombe chenye uwazi ndani hutoka bila gurudumu la mfinyanzi.

Mpira ulibadilisha mambo, kwani kalibu inayonyumbulika huvuliwa kama soksi. Utomvu wa mpira hupakwa kwa brashi, tabaka baada ya tabaka, kila moja likisubiri jingine likauke. Ni wa bei nafuu lakini huchukua siku kadhaa. Silikoni hufanya kazi hiyo kwa saa chache, na hunakili kwa makini kiasi kwamba alama ya kidole iliyobaki kwenye kielelezo huonekana kwenye kila nakala. Kwa kuwa mpira mtupu hujikunja, nyuma yake hujengwa ganda gumu la plasta au faibaglasi la kuushikilia. Kuna silikoni zinazogandishwa kwa kichocheo cha bati na nyingine kwa kichocheo cha platinamu. Hizi za pili hazisinyai kirahisi, ila zina uadui na salfa: zikimiminwa juu ya kielelezo cha udongo wa mafuta wenye salfa, upande unaogusana na udongo hubaki unanata na haugandi kabisa. Bei ya silikoni ni kubwa, na jaribio dogo pembeni mwa kielelezo hugharimu kijiko kimoja tu.

Hewa ni adui wa vimiminika vyote. Kiputo kilichonaswa kwenye ncha ya pua huacha pua yenye shimo. Kwa hiyo tabaka la kwanza hupakwa kwa brashi na kupulizwa likaingia kwenye kila kona, na kinachofuata humiminwa kwa mchirizi mwembamba kutoka juu, mahali pamoja, upande ulio chini kuliko pote, ili kimiminika kipande chenyewe na kuisukuma hewa mbele yake. Kugongagonga meza husaidia. Mahali ambapo hewa haina njia, fundi hutoboa tundu jembamba.

Kwa madini kanuni ni zilezile, ila sasa kosa linaunguza. Njia iliyotoa sanamu nyingi maarufu za shaba duniani ni ile ya nta inayoyeyushwa, nayo ni ya kale mno: vitu vilivyotengenezwa hivyo na vilivyofukuliwa Nahal Mishmar, karibu na Bahari ya Chumvi, vina umri wa takriban miaka 6,000. Katika Afrika, jiji la Benin nchini Nigeria ndilo linalotajwa zaidi. Chama cha wasubu shaba cha huko, Igun Eronmwon, kilimfanyia kazi mfalme, Oba, na wazao wao wangali wakifanya kazi hiyo katika Mtaa wa Igun. Kazi nyingi zinazoitwa bronzi za Benin kwa kweli ni shaba ya njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na sehemu kubwa ya madini hayo ilitoka kwenye vikuku vilivyoletwa na wafanyabiashara wa Kireno. Jeshi la Uingereza lilizipora kazi hizo kwa maelfu mwaka 1897.

Fundi huanza na kiini cha udongo chenye umbo la kichwa, kidogo kuliko kinavyotakiwa. Juu yake hutandaza nta ya nyuki yenye unene wa milimita chache, na juu ya nta hiyo huchora macho, nywele na shanga za shingoni. Nta ndiyo itakayokuwa shaba. Unene wake ndio unene wa sanamu. Vijiti vya nta huongezwa ili viwe njia za kumiminia na za hewa, na misumari ya chuma huchomekwa kupita kwenye nta mpaka kwenye kiini, ili kiini kisianguke pale nta itakapoondoka. Kisha hupakwa udongo laini kabisa, mwepesi kama rangi, ukiingia kwenye kila mchoro, na kufuatiwa na tabaka za udongo mzito. Ukikauka, kalibu huwekwa motoni ikielekezwa chini, nta ikayeyuka na kutoka. Kinachobaki ni uwazi mwembamba kati ya udongo na udongo, na ndipo shaba humiminwa.

Mafundi wa Ife, kaskazini-magharibi ya Benin, walithubutu zaidi. Baadhi ya vichwa vyao, vikiwemo baadhi ya vile vilivyofukuliwa katika uwanja wa Wunmonije mwaka 1938, ni vya shaba nyekundu karibu tupu. Shaba tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, ni nzito kutiririka, na hunyonya gesi zinazoiachia vitundu. Wanaosubu leo wakiwa na tanuru za gesi huiogopa. Bati kidogo hushusha kiwango cha kuyeyuka na kuirahisishia shaba kupita kwenye njia nyembamba. Benvenuto Cellini alilijua hilo alipokuwa akisubu sanamu yake ya Perseus huko Florence, iliyozinduliwa mwaka 1554. Madini yalipoanza kuganda kabla ya kumiminwa, alitupa tanuruni sahani na mabakuli ya nyumbani kwake, ambayo yalikuwa na bati kwa wingi, na shaba ikatiririka tena.

Pwani ya Waswahili nayo ina kazi yake ya namna hii. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, lakini siwa ya Lamu, baragumu lililopulizwa kwenye sherehe za waungwana, ni ya shaba iliyosubiwa kwa njia ya nta. Kwa miaka ya karibuni zaidi, sanamu ya Askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam iliumbwa na James Alexander Stevenson, ikasubiwa London na kuzinduliwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa imesimama sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann.

Siku hizi karakana nyingi zimeacha udongo. Kielelezo cha nta, kilichotolewa kwenye kalibu ya silikoni, huchovywa ndani ya rojo la silika, kikanyunyiziwa mchanga laini na kuachwa kikauke. Jambo hilo hurudiwa mara saba mpaka kumi hivi. Ganda linalopatikana ni jembamba lakini hustahimili tanuru. Kiasi cha madini hujulikana kwa mzani: kila kilo ya nta, pamoja na vijiti vyake, huhitaji karibu kilo kumi za bronzi. Anayepiga hesabu fupi huishia na sanamu isiyo na kisigino.

Kwa alumini, mchanga unatosha. Fremu mbili za mbao au chuma hujazwa mchanga wenye udongo kidogo na unyevu kidogo, ukashindiliwa kukizunguka kielelezo. Mchanga ukifinywa kiganjani ukashikana, na bonge likivunjwa likakatika bila kumomonyoka, unafaa. Fremu hutenganishwa, kielelezo huondolewa taratibu, tundu la kumiminia hukatwa, na fremu hufungwa tena. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, joto ambalo mkaa wenye feni hulifikia bila shida. Vyuma chakavu vyenyewe havilingani: pistoni na vichwa vya injini vina elementi ya silikoni ndani ya alumini yake na hutiririka vizuri, lakini makopo ya soda huacha uchafu mwingi unaoelea na kutoa alumini kidogo. Chakavu kisichojulikana huweza kuwa na risasi, hivyo kinafaa kwa sanamu kuliko sufuria. Moshi mweupe unaotoka kwenye shaba ya njano ni wa zinki na huleta homa kwa anayeuvuta. Hatari iliyo mbaya kuliko zote ni maji. Tone lililobaki ndani ya kalibu ya udongo, au kwenye sakafu ya zege, hugeuka mvuke ghafla chini ya madini na kuyarusha juu. Ndiyo sababu wasubu humiminia juu ya kitanda cha mchanga mkavu, wakiwa wamevaa viatu vya ngozi na kinga ya uso.

Kinachotoka kalibuni hakifanani na sanamu ya kwenye ukumbi. Kina vijiti vilivyojaa madini, mstari wa kiungo unaopita shavuni, misumari, na rangi chafu ya moto. Vijiti hukatwa, mstari hupigwa tupa na msasa, vitundu huzibwa, na michoro iliyofifia huchongwa upya. Rangi ya kahawia, kijani au nyeusi hupatikana kwa kupasha moto uso wa shaba na kuupaka kemikali, kazi inayochukua muda mrefu kuliko kumimina kwenyewe.

Kalibu hufungua pia mlango wa biashara na ulaghai. Edgar Degas alionyesha sanamu moja tu ya mchezadansi mdogo mwaka 1881, nayo ilikuwa ya nta. Nakala za bronzi zilizomo kwenye makumbusho mbalimbali zilisubiwa baada ya kifo chake cha mwaka 1917. Ufaransa huhesabu nakala 12 tu za sanamu kuwa kazi halisi, na nane kati yake ndizo hutiwa namba za mauzo. Mlaghai anayetaka ya kumi na tatu hana kielelezo cha awali, kwa hiyo hutengeneza kalibu juu ya bronzi iliyokwisha kutolewa. Lakini bronzi husinyaa kwa asilimia 1 au 2 inapopoa, na kalibu iliyochukuliwa juu yake hurithi upungufu huo kabla ya kuongeza wake. Mkaguzi huchukua kipimo cha kutoka kidevuni hadi utosini, akakilinganisha na cha nakala inayojulikana, na ile ya bandia huonekana kwa ufupi wake wa milimita chache.